Shafti ya Kisiagi cha Lindi

Lindi, Kibera
Jumatatu, 3 Machi 2025

Amondi,

Una aibu wewe? Nauliza kwa sababu mimi sijaiona. Simu yangu inalia huko kwako Kawangware, unaitazama kama mende, hushiki. Basi nimeandika. Karatasi haina mahali pa kukatia. Na usinipigie sasa, maana mabati ya hapa ni membamba na mtu ninayetaka kukusimulia habari zake analala upande wa pili wa ukuta.

Kisiagi changu, mashine iliyokulisha mpaka ukaota matiti, kinawalisha watu chuma.

Jana jioni Bakhita, huyu jirani yangu Mnubi, ameketi na watu wake kufuturu. Uji uko hapo, uji wa unga wangu. Akanywa, akauma kitu. Jino la mbele likameguka. Akatema kwa kiganja, akaja na kitu chake mpaka mlangoni kwangu, akasema, "Mama Nereah, fungua mkono." Nikafungua. Akanimwagia hapo uji, mate, na kipande cha chuma chembamba kama kucha ya mtoto, kinang'aa. "Nimefunga tangu alfajiri," akasema, "nikaja kufungua kwa bati."

Nilienda nyuma ya choo nikatapika. Mimi, ambaye nimesagia watu wa Lindi miaka kumi na tisa, na hata fukusi mmoja hajaonekana kwa unga wangu.

Leo asubuhi nimefungua mashine. Ile ngozi ya chuma mliyoivalisha shafti yangu inabanduka kama mguu wenye upele. Inaning'inia. Ukigusa inakuja na kidole. Pale pale shafti inapoingia chumba cha nyundo za kusagia, imekuwa ikidondoka, inasagwa na mahindi ya watu, inaliwa. Watoto wa nasari ya mtaa wa Raila wanakunywa huo uji.

Nimezima. Gunia mbili za unga nimemwaga shimoni na nikasimama hapo mpaka ukalowa wote, kwa sababu ningegeuka tu ungezolewa.

Ni wewe uliyeniambia, mimi nyanya yako: Dani, usimpelekee fundi Naftaly achomelee, moto wake utaipinda shafti, leta kwetu karakanani, sisi tunanyunyiza chuma na inarudi kama mpya. Kunyunyiza! Kama mtu anayefagia vumbi. Nikakuamini kwa sababu ulisoma mpaka chuo, na mimi shule niliacha darasa la nne.

Haya, msomi. Niambie mlinipakia nini. Akeyo wa omena anapita huko kila asubuhi, mpe jibu. Na usinizungushe.

Ni mimi Dani wako,
Nereah

*

Kawangware
Jumanne, 4 Machi 2025

Dani,

Pole sana. Pole pia kwa Mama Bakhita, sijui hata nitamtazama vipi nikija huko.

Sikuwa nakupuuza. Tukiwa na bunduki ya kunyunyiza hatushiki simu, tumevaa vitu masikioni na kofia mpaka shingoni. Lakini sitakudanganya, jana sikuwa na bunduki. Niliona jina lako nikaogopa, kwa sababu Mwas wa hapa alikuwa amepita Lindi, akaniambia kisiagi kimezimwa na watu wamesimama nje wakibishana.

Ile shafti nilinyunyiza mimi. Kadi ya kazi ina jina langu. Mdosi wangu, Mutiso, mkubwa wa karakana, anasema labda mlisaga mahindi mabichi mkaishtua mashine. Nimemwambia Dani hasagi mahindi mabichi, Dani anayauma moja moja kwanza. Akacheka, lakini si vizuri. Atakuja kuichukua mwenyewe aione. Amesema mbele ya wote kwamba kosa likionekana ni la mkono wangu, hapa sitakaa.

Dani, naipenda hii kazi. Kati ya watu wanane hapa mwanamke ni mimi tu. Tafadhali akija usimtukane.

Amondi

*

Lindi
Jumatano, 5 Machi 2025

Amondi,

Nimemtukana.

Angefanya nini tofauti ili nisimtukane? Amekuja na pikapu, ameegesha juu ya sukuma wiki ya mtu. Kijiti cha meno mdomoni. Akainama juu ya mashine yangu, mahali pa chakula, akapenga kamasi kwa vidole viwili, akajipangusa kwenye gunia langu. Halafu hiyo hiyo mikono akashika shafti, akabandua kipande, akakiinua kwa wateja wangu kama mtu anayeuza dawa ya panya. "Mmeona? Hii ni kazi ya msichana wake mwenyewe." Wateja wakanitazama mimi. Nikamwambia achukue hiyo shafti na hilo tumbo lake atoke, asije akaanguka ndani ya mashine, maana hata nguruwe wasingekula unga huo.

Sasa sikiliza. Mimi sijui mambo ya bunduki zenu, lakini kupaka kitu juu ya kitu kishike, hiyo najua kabla mama yako azaliwe. Nyumba za boma letu kule nyumbani nimekandika kwa hii mikono, na ukuta wangu hata mvua ya Aprili haikuubandua. Kwa hivyo usiniambie "ilitokea tu". Kitu kikibanduka kuna mtu alifanya uvivu. Ama mlinipa njia ya rahisi kwa sababu mlijua ni mama mzee wa Kibera, hatauliza.

Nauliza. Ziko njia ngapi za kunyunyiza? Mlinipa ipi? Kwa nini hiyo na si nyingine? Andika zote, kila moja na ubaya wake. Nikikuta mlinipa takataka, nitakuja hapo Kawangware kwa miguu na hiyo karakana itanijua.

Nereah

*

Kawangware
Ijumaa, 7 Machi 2025

Dani,

Umetaka yote, basi kaa chini, ni refu.

Njia zote ni jambo moja. Unayeyusha chuma, unakisukuma kwa hewa, matone yanagonga shafti, yanajibamiza yakawa bapa na kuganda hapo hapo, moja juu ya lingine. Shafti yenyewe haiyeyuki, ndiyo maana haipindi kama kwa Naftaly. Tofauti ni moto unatoka wapi na matone yanakimbia kasi gani.

Kuna ya moto wa gesi. Unga wa chuma unapita kwenye mwali na kutoka polepole. Bunduki yake ni nyepesi, unaweza kwenda nayo popote. Lakini ngozi yake ina vitundu kama mandazi na haishiki sana. Mutiso alitaka tukufanyie hiyo. Nilikataa. Tulibishana mpaka akanipigia meza.

Niliyokufanyia ni ya waya mbili. Stima inapita kwa waya zote mbili, ncha zikikaribiana zinatoa cheche, zinayeyuka, na upepo wa kompresa unazirusha. Inapaka haraka, inapaka nene, na inashika kushinda ya gesi. Ubaya wake ni moshi na kelele, na uso wake si laini, lazima uuchonge baadaye. Kwa shafti ya kisiagi hiyo ndiyo yake. Nilianza na koti la nikeli na alumini, hilo ndilo gundi, kisha chuma cha pua juu. Dani, hukupewa takataka. Naapa.

Kuna ya plasma. Joto lake linayeyusha mpaka kitu kama kigae cha choo. Ni ya vyuma vinavyokaa ndani ya moto siku nzima. Kuipaka kwa shafti yako ni kumvalisha mtu koti la sufu Kisumu saa saba mchana.

Halafu kuna ya kasi. Hatuna. Iko kwa kampuni moja Industrial Area. Gesi inawaka ndani ya bomba, unga wa chuma unatoka ukikimbia kushinda kasi ya sauti. Ngozi yake haina kitundu na ni ngumu hadi jiwe la kunoa linalia. Ubaya ni gharama tu. Wale wameniita kwa mahojiano tarehe kumi na nane. Sikuwa nimekwambia. Watampigia Mutiso kumuuliza mimi ni mfanyakazi wa namna gani.

Sasa lile la uvivu. Lipo, na ni langu.

Njia zote, hata hiyo ya kasi, chuma hakijaungana na chuma. Kimeshikilia tu. Kwa hivyo kwanza tunaipiga shafti kwa mchanga mkali mpaka inakuwa kavu na kukwaruza, ili matone yapate mahali pa kung'ata. Baada ya hapo hatuigusi tena. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuharibu. Na inafaa unyunyize siku hiyo hiyo.

Unakumbuka Jumamosi ile mwezi wa pili niliyokuja na shafti imefungwa kwa gazeti? Transfoma ya huku ilikuwa imelipuka. Nilikuwa nimeshaipiga mchanga. Ningeiacha uani ingebebwa na watu wa vyuma chakavu, kwa hivyo nikaileta ilale kwako hadi Jumatatu. Nikakwambia usiifungue. Jumatatu nilipaswa kuipiga mchanga upya. Mutiso akasema mchanga uliobaki ni wa kazi ya pampu za watu, nyunyiza hivyo hivyo. Nikanyunyiza. Nilipoipasha joto ilitoa kamoshi kidogo. Nikajiambia ni mvuke, ni unyevu wa Lindi, kwako kando ya mtaro. Nikaendelea.

Sasa Mutiso anasema hakuwahi kunikataza mchanga. Hakuna aliyesikia.

Nilifaa kukataa, Dani. Nilijua kazi yangu na sikukataa.

Amondi

*

Lindi
Jumatatu, 10 Machi 2025

Amondi,

Barua yako imefika. Ni ndefu sana, macho yameniuma.

Hayo mambo ya shafti tuyaache. Chuma ni chuma, kinachakaa. Mwambie huyo Mutiso ilikuwa stima, stima ya Kawangware kila mtu anaijua. Ama mwambie mashine yangu ni nzee. Akiirudisha shafti, mimi nitamtafuta Naftaly achomelee, ikipinda ipinde.

Huo moshi ulikuwa na harufu gani? Kama huukumbuki usijisumbue.

Wewe unakula? Akeyo anasema umekonda na unatembea na viatu vimefungwa kwa waya. Msichana wa chuo, viatu na waya. Inachukiza. Nunua viatu.

Nereah

*

Kawangware
Jumanne, 11 Machi 2025

Dani,

Siwezi kuyaacha. Hayajaniacha.

Leo Mutiso amekata shafti kipande, tumeangalia chini ya ngozi. Anasema imebanduka safi kabisa, kama haikuwahi kushika. Ameandika karatasi. Inasema mimi, Amondi, nilinyunyiza kazi ya mteja bila kufuata maagizo ya karakana, na kwamba madhara yote ya huo unga ni yangu. Anataka nisaini Alhamisi. Nikisaini ataniacha niondoke kimya kimya. Nisiposaini ataitoa hivyo hivyo kwa wale wa Industrial Area wakipiga simu. Pia anasema atampeleka Mama Bakhita polisi anitambue, eti mimi ndiye niliyevunja jino lake.

Nitasaini. Nimefikiri kutwa nzima. Sijui nitajitetea na nini. Ni mimi niliyeitoa shafti nje ya karakana, ni mimi niliyeilaza mahali penye unyevu, ni mimi niliyeona moshi. Harufu umeniuliza. Ilinukia kama jikoni. Nilidhani ni gazeti lilikuwa limefungia chakula.

Nilikuwa nimeshajiona nimeshika ile bunduki ya kasi. Basi.

Usihuzunike. Si kosa lako, ulinitunzia tu.

Amondi

*

Lindi
Jumatano, 12 Machi 2025

Amondi, nyakwara, mtoto wa mtoto wangu,

Neno lako la mwisho nimelisoma mara tatu na kila mara limenichefua. Sikukutunzia. Keti.

Jumapili ile shafti ilipokuwa kwangu, ilikuwa zamu yangu ya maombi. Wakaja akina mama wa kanisa saba na Mama Eddah na chupa yake ya mafuta ya upako. Unajua desturi yetu. Mtu akinunua cherehani inapakwa, akifungua kioski mlango unapakwa, hata pikipiki ya Wakoli wa bodaboda ilipakwa usukani mpaka ikamteleza. Wakauliza, Mama Nereah, una kitu cha kuombea? Nikasema ndiyo, moyo wa kisiagi changu uko chini ya kitanda. Wakasema tuombe juu ya gazeti. Nikasema maombi gani hayo ya kupita kwenye habari za wizi na mpira? Nikakata kamba. Nikafungua.

Uliniambia nisifungue. Nilikusikia. Nilifikiri, huyu mtoto atanifunza nini.

Ilikuwa inakwaruza kama ulimi wa paka. Mama Eddah alitaka kutia tone moja tu. Mimi ndiye niliyesema, aah, usiwe mchoyo, na nikachukua chupa. Nikaipaka yote kwa kiganja, kutoka huku mpaka huku, nikisugua, kwa sababu nilitaka yaingie. Yaliingia. Shafti iliyanywa. Kisha nikapangusa kwa leso, nikaifunga kwa gazeti lile lile na kamba ile ile, na fundo nililifunga kama lako ili usijue.

Ilinukia jikoni kwa sababu ni mafuta ya jikoni. Mama Eddah huyanunua dukani kwa Haroun kama mimi na wewe.

Nilijua tangu Jumamosi, barua yako ilipofika, pale uliposema mafuta ya kidole kimoja. Mimi niliyejisifu kwako kuhusu kukandika! Hata mtoto wa pale nyumbani anajua ukuta wenye mafuta haushiki udongo. Na bado nikachukua kalamu nikakuandikia uongo wa stima na viatu. Siku tano nimelala juu ya hilo jambo nikijisikia kama kitambaa cha kudekia. Nilimdharau yule mwanamume kwa kamasi yake kwenye gunia langu, na mimi nilikuwa nimepaka uchafu wangu ndani kabisa, mahali pasipoonekana, nikauita baraka.

Leo asubuhi nimeenda kwa Mama Eddah. Amesema shetani ameipiga vita kazi yetu, turudie na chupa kubwa. Nimemwambia akiingia tena kwangu na chupa nitamnywesha.

Halafu nimeenda kwa Bakhita, nikamwambia kwa mdomo wangu. Pengo lile liko hapo mbele linanitazama. Kisha akasema, "Kwa hivyo nimefuturu kwa mafuta ya kanisa lenu?" Nikasema yaliungua yote, mama, yalibaki madhara tu. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka, akasema, "Tofauti yako na wengine ni kwamba umekuja. Lakini unga wako sinunui mpaka niione hiyo shafti kwa macho." Kuhusu polisi, anasema hamjui Mutiso wala hatamtambulia mtu yeyote. Atakayeuliza ataambiwa aje kwangu.

Sasa usinielewe vibaya ukaanza kujiona malaika. Uliona moshi ukapita. Hilo ni lako, libebe, na likuume. Mutiso alikunyima mchanga ili abanie kazi ya mama wa Kibera. Hilo ni lake. Mafuta ni yangu. Kila mmoja abebe cha kwake, na cha kwake tu. Hakuna mtu atakayenibebea changu kwa sahihi yake, hata kama ni damu yangu, hata kama anafikiri ni upendo. Ni uchafu. Unaficha uchafu wangu chini ya jina lako na huyo mwanamume anaficha wake hapo hapo. Mnanichefua wote.

Kwa hivyo kesho usisaini. Hata akupe kalamu ya dhahabu. Chukua hii barua uende nayo, subiri wote wanane wawepo, umpe Mutiso asome. Akikataa, isome wewe kwa sauti, usiruke pangu, usiruke pako, na ukifika pake upunguze mwendo. Nimeweka kidole gumba changu hapo chini kwa wino ili asiseme umeiandika mwenyewe. Akisema uondoke, chukua vyeti vyako na uondoke, machozi uyatoe ukifika barabarani. Akinyamaza, omba kipande cha chuma, utengeneze shafti nyingine, uipige mchanga wako mwenyewe, uinyunyize siku hiyo hiyo kwa waya zako mbili, na asiiguse mtu, hata mimi nikija hapo nikipiga kelele. Tarehe kumi na nane uende kwa hao watu wa bunduki ya kasi. Wakikuuliza kama umewahi kuharibu kazi, sema ndiyo, na uwaambie ilivyoharibika, hatua kwa hatua, bila kunung'unika, ukiwatazama machoni.

Nereah